Saa ya Kutia Ufunguo

Enzi zetu saa ilikuwa na nyumba yake, na nyumba hiyo haikuwa ya kwetu. Nawaandikia nyinyi mliokulia Chuno, hapa Mtwara, siku zile bandari ilipokuwa ikilisha karibu kila jiko la mtaa, kabla simu hazijaingia mifukoni. Nyinyi hamhitaji kuelezwa. Vijana wetu ndio wanaodhani kwamba mtu akitaka kujua saa hutia mkono mfukoni, basi.

Nyumbani kwetu palikuwa na redio iliyojua saa, lakini redio ilitegemea betri, na betri zilikuwa adimu kama sukari. Mama alizianika juu ya bati zipate nguvu. Zikipata jua la kutosha zilitupatia taarifa ya habari nusu, kisha msomaji alianza kuongea kama mlevi, halafu kimya. Baba alikuwa na saa ya mkono, ila iliingia maji ya chumvi akiwa kazini, na tangu hapo aliivaa kwa heshima tu. Alikuwa dereva wa winchi bandarini. Wazazi wangu walitoka upande wa Songea kuja kutafuta kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ya zamu. Mtu wa zamu bila saa ni taabu tupu. Ndiyo maana kila siku, asubuhi na mchana, ilisikika sauti ya mama kutoka jikoni: "Nenda kwa Bibi Somoe ukaniangalizie saa!"

Bibi Somoe alikuwa jirani yetu, mwenyeji wa Mikindani aliyeolewa Chuno. Ukutani kwake ilining'inia saa ya mbao nyeusi, ndefu kama mkono wa mtu mzima, yenye mlango wa kioo na sahani ya shaba iliyobembea ndani. Ilikuwa saa ya kutia ufunguo. Kila baada ya sala ya Ijumaa mumewe alipanda kwenye kigoda, akafungua kioo, akaingiza ufunguo na kuzungusha taratibu, na watoto tulisimama mlangoni tukimtazama kama tunavyomtazama padri anapoandaa meza ya misa.

Haikuwa rahisi kuiona. Ulipiga hodi, ukavua kandambili, ukafuta miguu kwenye gunia, ukatoa shikamoo, ukajibu maswali yote kuhusu afya ya kwenu hadi ya kuku. Ukijaribu kuchungulia ukutani kabla ya hapo, Bibi alikukatiza: "Wewe mtoto wa Kingoni, umekuja kunisalimu mimi au mbao?" Na siku mama alipotutuma mara nyingi, Bibi alicheka mpaka khanga ikamteleza begani: "Mwambie mama yako aje aichukue, alale nayo. Mume wangu atahamia kwenu kuifuata."

Tatizo lilikuwa kwamba hatukujua kusoma saa. Dada yangu Felista alijua kidogo, lakini yeye alikuwa mkubwa, hatumwi ovyo. Mimi nilitumwa nikiwa sijaanza shule. Basi mama akabuni njia, na njia hiyo sijaikuta mahali pengine popote. Alinifundisha kuibeba saa kwa mikono. Nikifika mbele ya saa ya Bibi Somoe, nilitazama mshale mrefu umeelekea wapi, nikanyoosha mkono mmoja upande huohuo, vidole vimenyooka. Mkono mwingine niliuelekeza ulipo mshale mfupi, nikakunja ngumi. Ngumi ndiyo iliyoonyesha ufupi. Kisha nilirudi nyumbani hivyohivyo, mikono imekaza, nikikimbia kama kinyago kilichopata miguu.

Njiani palikuwa na maadui. Watoto wa mtaa waliacha rede, waliacha gololi, wakaja kunizunguka. "Saa mbovu inapita! Saa mbovu!" Mmoja alinisogezea ming'oko ya moto, ile mizizi ya porini iliyochemshwa, yenye chumvi na pilipili, chini ya pua yangu kabisa. "Shika basi, ndugu yangu. Moja tu. Sema hutaki!" Nilitaka. Aliyekula ming'oko ya msimu wa kwanza anajua ni kiasi gani nilitaka. Lakini ngumi ikifunguka saa imepotea, na kurudi kwa Bibi Somoe ni kuanza upya na hodi, na kandambili, na afya za kuku. Nilipita mate yakinidondoka.

Wiki ya kwanza njia hii nusura ituingize matatani. Mvua ilikuwa imeanza alfajiri na haikuonyesha dalili ya kukatika. Mbingu zilikuwa na rangi moja tangu asubuhi, huwezi kujua jua limefika wapi. Baba alikuwa na zamu ya kuingia saa nane mchana, amejilaza, na mama alikuwa ametenga mihogo ya nazi jikoni. Nikatumwa. Nikaenda, nikasalimu, nikanyoosha mkono juu kabisa, nikapeleka ngumi upande wa kushoto kidogo, nikarudi nimelowa, nikasimama mbele ya mama nikimtazama usoni kwa fahari.

Mama alipiga yowe. "Baba Felista! Saa saba hii! Saa saba kamili!"

Baba aliruka. Mihogo ilikuwa haijaiva. Alivaa shati akiwa mlangoni, akatoka kwenye mvua mbio, tumbo tupu. Usiku aliporudi alikaa kwenye kiti bila kuvua viatu, akatutazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa upole uliotutisha kuliko kelele: "Leo mlinzi wa geti ameniuliza kama nimekuja kufungua bandari. Nimekaa kibandani kwake mpaka tumemaliza hadithi zote anazozijua."

Ilikuwa saa tano, si saa saba. Mama alikaa akafikiri, akaniambia nisimame tena kama nilivyosimama mchana. Akanitazama. Kisha akazunguka nyuma yangu, akanitazama tena, akaanza kucheka akishika ukuta. Kushoto kwangu kulikuwa kulia kwake. Mtu anayemtazama mwenzake uso kwa uso anaiona saa yake imegeuka. Baba naye alijaribu kukaza uso, akashindwa. Tangu siku hiyo, nikiingia mbio, neno la kwanza lilikuwa: "Mgongo!" Nilimgeuzia mama mgongo, akasoma saa kwenye mabega yangu, akanituma kuendelea kucheza. Naamini mimi ndiye mtoto pekee wa Chuno aliyejifunza saa kabla ya kujifunza a, e, i, o, u.

Ndiyo maana leo nikiambiwa saa ni pambo tu la ukutani, moyo wangu unakataa.

Nimejenga Mtawanya, nyumba ya kiasi, yenye sebule inayoingia upepo. Msimu huu binti yetu Sabina, ambaye ni mwalimu, alipata mchumba, na wazazi wa kijana walituma habari kwamba watakuja kutoka Masasi kujitambulisha. Kwa hiyo nyumba ikapinduliwa. Mapazia yakafuliwa, makochi yakavikwa vitambaa, ukuta ukapakwa rangi ya maziwa. Pakabaki mahali pamoja patupu, juu ya meza ya televisheni, panapotazamana na mlango. Mke wangu akasema hapo panataka saa. Nilifurahi. Kisha Sabina akaleta boksi.

Ndani mlikuwa na duara kubwa la plastiki lililopakwa dhahabu, lina namba za Kirumi na maua pembeni, limechorwa nyufa ili lionekane la kale. Nililigeuza nyuma kutafuta pa kuweka betri. Hapakuwa na pa kuweka betri. Mishale ilikuwa imegandishwa kwa gundi.

"Sabina, mama, hii saa haitembei."

"Ndiyo, baba. Ni ya kupendezesha. Saa si iko kwenye simu?"

"Sasa wageni wakiitazama?"

"Wataona imependeza."

Nilitoka uani nikapiga mswaki mara ya pili, kwa hasira. Kizazi hiki kinanunua kitu kipya kilichochorwa uzee, kinakitundika ukutani, kisha kinatoa simu kuangalia saa chini ya saa. Nilirudi nikasema nitaleta saa ya kweli, ya kale, ya kutia ufunguo. Mke wangu ni mwanamke wa maneno machache. Alisema: "Baba Sabina, ilete. Lakini wageni wakiingia hapa, ukutani pasiwe patupu na pasiwe na kitu kilichokufa. Ikiwa haitembei siku hiyo, yako inakwenda stoo na haitoki tena. Ikakae na ile feni." Ni feni niliyoahidi kuitengeneza. Sitaki kuizungumzia.

Nikaanza kutafuta. Nilikuwa nimesoma kuhusu saa kwa miaka, vitabu vya kuazima na vipande vya magazeti, na nimefungua mbili tatu mbovu, kwa hiyo nilijua ninachotaka. Nawaambia wenzangu mnaotaka kupamba nyumba kwa saa za zamani: msianze na macho. Mikindani nilionyeshwa saa yenye sanduku la kuchonga, zuri mno, mbao zinanukia. Nikafungua kioo. Mashine ya asili ilikuwa imetolewa, ndani mna kimashine cha betri cha ukubwa wa kiberiti. Hilo ni jeneza lililotiwa nakshi. Nyingine ilikuwa na mashine nzima lakini sahani inayobembea imepotea, na mwenyewe amening'iniza kifuniko cha sufuria. Alinihakikishia kinafanya kazi vizuri zaidi. Ya tatu nilitumiwa picha kutoka Dar es Salaam, na muuzaji alipoombwa anitumie sauti yake ikitembea, alinijibu kwa alama ya mtu anayecheka.

Tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimekwaruzwa sana, wengi wamepita humo bila kujua. Angalia kama rangi ya mbao nyuma inafanana na ile ya mbele. Jaribu ufunguo: ukizunguka bila kukaza, springi imekatika. Halafu funga macho, usukume sahani kwa kidole, usikilize.

Niliipata Ligula, kwa mjane wa mwalimu mkuu mmoja wa zamani. Ilikuwa nyuma ya kabati la vyombo. Mama yule alikuwa ameigeuza sanduku la kushonea. Ndani ya kioo mlijaa nyuzi, sindano, vifungo na miwani ya marehemu.

"Hii imekufa, mwanangu," aliniambia. "Tangu mwalimu aondoke hakuna aliyeitia ufunguo."

"Naomba niisikilize, mama."

"Uisikilize? Maiti?" Akamwita jirani yake aje aone. "Njoo, Mama Zuhura, kuna mtu anataka kuzungumza na saa."

Walisimama wote wawili juu yangu wakati nimepiga magoti, sikio kwenye mbao. Nilikuwa nimetoa nyuzi zote, na ufunguo ulikuwa chini yake; nikauzungusha kidogo. Springi ikakaza, nzima. Nikasukuma sahani. Ikatembea. Mama Zuhura akaacha kucheka. Mjane wa mwalimu akakaa kwenye kiti kilichokuwa karibu, akasikiliza mpaka iliposimama yenyewe, kisha akasema, "Ichukue. Mimi nilidhani imekufa, kumbe ilinyamaza tu." Bei tulielewana bila kubishana. Miwani alibaki nayo yeye.

Niliisafisha, nikaitia mafuta kwa unyoya, mahali panapostahili tu, nikaipaka mbao mafuta kidogo. Nikapigilia msumari ukutani. Nikachukua pima maji ya fundi mwashi nikahakikisha imesimama wima kabisa, nikaisukuma. Ikatembea. Nikaenda kunywa chai, nikarudi. Imesimama. Nikaisukuma tena. Ikasimama tena. Ilikuwa hivyo wiki nzima. Sabina alipita akinitazama kwa huruma, na huruma ya mtoto inauma kuliko kejeli. Mke wangu akalitoa lile duara la dhahabu kwenye boksi, akalifuta vumbi.

Asubuhi ya siku ya wageni, pilau likiwa limeanza kunukia uani, niliamua kuacha kuitazama. Nilikaa kwenye kochi nikafumba macho. Na hapo nikasikia nilichopaswa kukisikia tangu mwanzo. Haikusema tik, tak, tik, tak. Ilisema tik-tak, kimya, tik-tak, kimya, kama mtu anayetembea akiburuza mguu mmoja. Saa ilikuwa inachechemea. Nikaisogeza chini yake kidogo upande wa kushoto, hatua zikasawazika. Nikaiacha hivyo, ikatembea bila kuchoka.

Mke wangu akaingia na sinia la vikombe. "Imepinda."

"Lakini inatembea."

"Baba Sabina, wageni watasema hata saa yetu inataka kukimbia nyumba. Inyooshe."

Nilijua nikiinyoosha itasimama. Palikuwa na njia moja. Ndani ya mashine kuna kijiti chembamba cha shaba chenye uma mdogo mwishoni. Ndicho kinachosukuma fimbo ya sahani. Kwa saa hii kilikuwa kimepindishwa upande mmoja, pengine ilipobebwa kupelekwa nyuma ya kabati. Kukirudisha ni kukipinda kwa vidole, bila chombo. Shaba ya zamani hiyo huwa ngumu, na ikikatika Mtwara hakuna wa kukupa nyingine. Nikavua saa ya mkononi, nikafuta jasho vidoleni. Mke wangu alisimama mlangoni amelikumbatia duara la dhahabu kifuani kama mtoto. "Nihesabu hadi tatu?" aliuliza.

"Nyamaza kidogo, mama."

Nilikipinda. Kidogo. Nikasikiliza. Bado inachechemea. Kidogo tena. Nilihisi shaba inakataa chini ya kidole gumba, nikasubiri, nikasukuma tena kwa pumzi moja, ikakubali. Nikaweka pima maji juu ya sanduku: wima. Nikaisukuma sahani, nikafunga kioo, nikarudi nyuma. Tik. Tak. Tik. Tak. Hatua za askari. Mke wangu alisikiliza, akaenda kuangalia pilau. Na duara akaenda nalo.

Wageni waliingia baada ya saa nane: baba mkubwa wa kijana, mama yake, shangazi wawili, na vijana kadhaa waliokaa pembeni wakitazama simu zao. Baba mkubwa ni mzee mwenye sauti ya taratibu, aliyekuwa karani wa ghala la korosho. Alipopewa nafasi alisimama, akaanza kueleza ukoo wao ulikotoka. Mimi nilisikia nusu. Nusu nyingine ya masikio yangu ilikuwa ukutani, nikisubiri isimame. Haikusimama.

Alikuwa amefika kwa babu yake mzaa baba saa ilipokoroma. Mnaijua ile sauti. Saa ya kugonga hukoroma kifuani kidogo kabla haijatoa neno. Kijana mmoja akainua kichwa: "Simu ya nani hiyo?" Lakini watu wa rika letu, wa kwao na wa kwetu, walinyamaza kwa pamoja bila kuambiwa, kama tulivyofundishwa utotoni kwamba saa ikigonga haikatizwi, kwa maana ukikosa kuhesabu umekosa. Mzee alisimama na kidole hewani. Shangazi mmoja alisogeza midomo. Ikagonga, ikagonga, ikagonga.

"Saa tisa," alisema baba mkubwa, bila kugeuka kuitazama. Akatabasamu kwa namna ambayo hakutabasamu tangu aingie. "Sijaisikia hiyo tangu niko mdogo. Haya. Kwenye nyumba yenye saa kama hii, nafupisha maneno. Mtoto wetu amempenda mtoto wenu."

Sebule nzima ilicheka, vigelegele vikatoka uani kabla hata sijajibu. Mama wa kijana akamuuliza mke wangu saa ile tumeitoa wapi. Nikafungua mdomo. Mke wangu alinitangulia.

"Tumeitafuta sana," alisema. "Hizi hazichaguliwi kwa macho, dada. Unafumba macho, unaisikiliza. Ikiwa inachechemea, unaisawazisha." Na akaeleza habari ya kijiti cha shaba, yote, mbele ya watu, kana kwamba kidole gumba kilikuwa chake. Sijawahi kusikia maelezo mazuri kuliko yale. Sikumsahihisha neno hata moja.

Zamani saa ilikuwa kubwa na watu walikuwa wengi mbele yake. Sasa saa ni ndogo, kila mtu na yake, zote zinasema sawasawa mpaka sekunde, na nyumba zimekuwa kimya. Vijana wetu hawajapotea, nasema hili kwa haki. Wanawahi kazini kuliko tulivyowahi sisi. Ila hawajawahi kukaa chumbani na kusikia muda ukipita kwa miguu yake, na mtu asiyesikia hivyo hukua akidhani muda ni namba. Mtaa ule hauwezi kurudi. Mume wa Bibi Somoe hayupo, Bibi mwenyewe hayupo, na mahali palipokuwa na ukuta ule pamejengwa duka la simu. Ninahuzunika ninapopita pale. Sidanganyi.

Lakini wageni walipoondoka, Sabina alibaki sebuleni, viatu mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Simu yake iliita mara mbili, hakuipokea. Aliisubiri saa mpaka ikakoroma na kugonga kumi, ile kumi yetu, mapigo manne. Kisha akanigeukia.

"Baba, nikihamia kwangu nataka ya kwangu. Lakini twende wote kuitafuta. Na isiwe ya kung'aa."

Jumamosi hii tunaanzia Mikindani.